Linea: maua mengi, mmea mmoja

Katika misitu ya misonobari ya Uskoti, hasa kwenye milima ya Cairngorms, kuna mmea mdogo ambao wapita njia wengi huukanyaga bila kujua. Kitaalamu ni Linnaea borealis. Sisi tunaochunguza mimea tunauita linea. Mashina yake membamba hutambaa juu ya sindano zilizooza za misonobari, yakiwa na vijani vidogo vya mviringo. Kijiti kinachosimama hakifiki hata urefu wa kidole, kisha hugawanyika mara mbili na kuning'iniza kengele mbili za waridi. Piga magoti uchungulie ndani: utaona mistari iliyokolea na vinyweleo, na utanusa utamu unaokaribia vanila.

Carl Linnaeus, Mswidi aliyeueneza utaratibu wa kuviita viumbe kwa majina mawili, aliupenda mno mmea huu. Jan Frederik Gronovius, mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, ndiye aliyeupa jina la rafiki yake huyo. Uswidi na Ufini upo kwa wingi. Uskoti ndiko unakoniumiza kichwa.

Nashughulika na uzazi wa mimea, na swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona kiraka kimejaa maua, mbegu hakuna? Fikiria marando ya viazi vitamu. Ukichukua marando ya shina moja ukajaza shamba, shamba zima ni mmea uleule. Linea hujisambaza hivyo yenyewe, kwa hiyo kiraka kizima kinaweza kuwa mmea mmoja, nao hauwezi kutunga mbegu kwa chavua yake wenyewe. Nzi na nyuki wadogo wanaoutembelea hubeba chavua mita chache tu, ua hadi ua, na kazi yao yote inapotea bure. Misitu ilipokatwa karne kwa karne, viraka viliachana mno wasiweze kuvifikia.

Ndiyo maana siridhiki tunapopima hali ya linea kwa mita za mraba. Kiraka kinaweza kutanuka miaka na miaka bila kuzaa, na trekta moja ya wakata miti ikakifuta chote.

Dawa ipo. Chukua vipandikizi kutoka kiraka cha mbali, chenye nasaba nyingine, uvipande pembeni kabisa mwa linea wenyeji wa hapo, mahali ambapo nzi atafika kwa mruko mmoja. Tunda likitunga hubeba mbegu moja tu, na vinyweleo vyake vinavyonata huganda kwenye manyoya ya wanyama na kuipeleka mbali. Na kwenye daftari la kila kiraka, kabla ya ukubwa, iandikwe idadi ya mimea tofauti iliyomo.