Uvimbe kwenye kibofu cha mkojo kwa watoto: maswali ya wazazi

Mtoto mdogo naye anaweza kupata saratani ya kibofu?

Anaweza, ingawa ni nadra sana. Tena si ugonjwa uleule wa watu wazima, ambao kwa kawaida huanzia kwenye utando wa ndani wa kibofu na huchangiwa sana na sigara. Kwa mtoto, inayoongoza ni rabdomayosakoma, saratani ya chembe changa zinazofanana na za misuli. Huwapata zaidi walio chini ya miaka 5. Kwa wavulana inaweza kuanzia kwenye tezi dume, na ikishakua ni vigumu kujua ilianzia wapi.

Kwa hiyo kila uvimbe humo ni saratani?

Hapana. Kuna vinyama visivyo na madhara makubwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Vijana waliobalehe wakipata uvimbe wa utando wa ndani, mara nyingi huwa mpole: hukatwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha kijana hufuatiliwa.

Dalili zake ni zipi?

Damu kwenye mkojo, mara nyingine bila maumivu yoyote. Mtoto hujikamua, mkojo hutoka kwa matone, au aliyekwisha kuacha kujikojolea huanza tena. Ukiziba kabisa, tumbo la chini hujaa na kuwa gumu. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo. Wakati mwingine hutoka vipande vya nyama laini, vimeshikana kama kichala cha zabibu.

Tatizo ni kwamba karibu dalili zote hizi ni za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) pia, na UTI ni ya kawaida mno kuliko uvimbe. Daktari akianza nayo hajakosea. Ninachopinga ni dozi ya pili na ya tatu ya antibayotiki wakati mkojo uliooteshwa maabara haukuonyesha bakteria, au damu imerudi baada ya dawa kwisha. Hapo omba ultrasaundi. Haiumi wala haina mionzi.

Nepi ikiwa na rangi nyekundu?

Usikimbilie hofu, bali peleka mkojo ukapimwe. Kichanga wa siku chache anaweza kuacha doa la waridi au rangi ya chungwa kutokana na chumvichumvi za mkojo. Kiazisukari chekundu hubadili rangi ya mkojo, na dawa ya kifua kikuu, rifampisini, vilevile. Penye kichocho, ugonjwa huo ndio sababu kubwa ya damu kwenye mkojo wa watoto wa shule, na hutibiwa kwa prazikwanteli. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuogeshwa wala kucheza kwenye maji yenye kichocho asipewe dawa hiyo kwa kubahatisha.

Vipimo vinafanyikaje?

Ultrasaundi hutaka kibofu kilichojaa. Mpe mtoto maji, umbembeleze asikojoe. Kibofu kitupu hujikunja, na uvimbe mdogo hujificha kwenye mikunjo. Kikionekana kitu, hufuata MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), kisha mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi ili daktari achungulie ndani na kuchukua kinyama cha kupima. Bila kinyama hicho, jina la ugonjwa ni kukisia tu. Mapafu nayo hupigwa picha.

Kibofu kitaondolewa?

Zamani kukiondoa ndiko kulikotangulia. Siku hizi huanza dawa za saratani kwa miezi kadhaa: vinkristini, daktinomaisini, pamoja na siklofosfamidi au ifosfamidi. Mionzi au upasuaji hufuata, na watoto wengi hubaki na kibofu chao. Dawa hizo mbili za mwisho huunguza utando wa kibofu, ndiyo maana mtoto hutundikiwa maji mengi na kupewa mesna, dawa ya kukinga kibofu. Damu ikionekana wakati huo, toa taarifa mara moja, lakini si lazima iwe uvimbe umekua.

Ni kosa letu?

Si kosa lenu. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Wachache wana tatizo la kurithi, kwa mfano Li-Fraumeni au neurofibromatosisi aina ya 1, kwa hiyo mwambieni daktari kama ndugu wa damu waliugua saratani wakiwa na umri mdogo.

Atapona?

Ugonjwa ukiwa haujasambaa na matibabu yakakamilika, zaidi ya watoto 7 kati ya 10 hupona. Baadaye hufuatiliwa kwa miaka, kwani mionzi huweza kukifanya kibofu kidogo na kigumu, na dawa huweza kugusa figo na uwezo wa kuzaa. Hili la uzazi liulizeni kabla ya dozi ya kwanza: mvulana aliyebalehe anaweza kuhifadhiwa mbegu, na nafasi hiyo hupungua matibabu yakishaanza.