Je, wajua kangaga la mikokoni huwezaje kuishi kwenye maji ya chumvi?

Makangaga mengi hupenda kivuli na maji baridi. Yakipata maji ya bahari hukauka. Acrostichum aureum ni tofauti. Huota kwenye tope la mikoko katika pwani za tropiki duniani kote, ikiwemo yetu, na makuti yake hufika mita 2 hadi 3.

Siri ni kwamba halipendi chumvi, linaivumilia tu. Litafute upande wa bara, kwenye mikandaa na misikundazi, ambayo ni aina za mikoko, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua, yanapojaa sana, lakini maji mafu, yanayojaa kidogo, hayafiki. Huko mvua na mito huipunguza chumvi.

Penye taabu ni utotoni. Kangaga halina maua wala mbegu. Badala yake hutoa spora, vijichembe laini kama vumbi, na kila kimoja huota kuwa kijimea bapa kidogo sana. Juu yake chembe za kiume lazima ziogelee kwenye utando wa maji hadi kwenye yai. Chumvi ikizidi, kijimea hudumaa, ndiyo maana tope lililooshwa na mvua hukifaa zaidi. Likishakomaa, kangaga hutegemea shina nene lililozama topeni na majani magumu kama ngozi, yasiyopoteza maji ovyo.

Kulitambua ni rahisi: geuza kuti. Vijani vya juu vimejaa unga wa rangi ya kutu upande wote wa chini, wala si vidoadoa. Vya chini ni vitupu.

Msituni halina ubaya. Shida huanza mikoko ikikatwa: jua likiingia, kangaga hufunga chaka, miche ikakosa mwanga na mbegu zinazoelea zikanasa juu ya majani makavu bila kugusa tope. Kulifyeka kwa panga ni kazi bure, kwa sababu chipukizi liko kwenye shina, nalo hubaki. Ling'oe kwa jembe, shina na mizizi yake, ulitupe juu ya mpaka wa maji kujaa. Kisha panda mkandaa au mchu, aina nyingine ya mikoko. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama magongo, unataka maji ya kila siku, hapo utakufa.

Kabla ya hayo yote, tazama kama kuna tuta la shamba la mpunga lililoachwa linalozuia maji ya bahari. Lisipobomolewa, chumvi itabaki kidogo na kangaga litarudi.