"Mambo ya afya yanaamuliwa juu": dhana inayoziacha zahanati zetu bila dawa

Ukizungumzia mageuzi ya afya na watu wa Tandahimba, Liwale au Kilwa, huku kusini mwa Tanzania, humpati anayepinga. Kila mmoja anataka bima ya afya kwa wote, kila mmoja anataka akute dawa zahanati. Kisha linakuja lile jibu ambalo tunaofanya kazi na kamati za vituo vya afya tumelichoka: "Tunaunga mkono, lakini fedha zinaamuliwa juu."

Si kweli, au ni kweli nusu tu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayogusa dawa ya mtoto wako. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, haziishii kwenye akaunti ya halmashauri. Zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo. Malipo ya papo kwa papo, ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) na ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) nayo ni mapato ya kituo. Mganga mfawidhi haruhusiwi kuzipangia fedha hizo peke yake. Anaandaa mpango na bajeti, kamati ya usimamizi ya kituo inaujadili na kuupitisha, ndipo unapanda halmashauri kuunganishwa na mpango wa wilaya. Katika kamati hiyo mfawidhi ni katibu. Mwenyekiti ni mwananchi.

Kusini tunajikwaa kwenye kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mpango wake unaandikwa miezi mingi kabla, kuanzia mwishoni mwa mwaka unaotangulia hadi Januari hivi. Huo ni msimu wa korosho. Watu wako mashambani wanaokota, au wako AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanafuatilia mnada na malipo. Mkutano unaitishwa, wanakuja wachache, na vipaumbele vya zahanati vinanakiliwa kutoka vya mwaka uliopita. Ifikapo Machi watu wametulia, wanaanza kulalamika kwamba hakuna kitanda cha kujifungulia wala tangi la maji, na bajeti imeshaondoka kijijini. Kijiji kinachotaka kusikika kijadili zahanati yake Agosti au Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi, na kiiandike hoja yake kwenye muhtasari. Hoja isiyo kwenye muhtasari haifiki popote, hata kama mkutano mzima uliipigia makofi.

Hata "dawa hazipo" si taarifa kamili, na inatuumiza kuona kijiji kinairidhia. Zahanati inatuma taarifa na maombi yake Bohari ya Dawa (MSD) kwa vipindi vilivyopangwa, na kanda yetu ina ofisi ya MSD Mtwara. Kinachoharibika hujulikana. Huenda ombi lilichelewa, au kiasi kilikisiwa kwa sababu leja ya dawa haijazwi kila siku. Huenda akaunti haina salio kwa kuwa madai ya bima yalikataliwa: namba ya kadi imekosewa, saini ya mgonjwa haipo, fomu zimekaa kabatini mpaka muda ukapita. Huenda MSD yenyewe haina dawa hiyo. Hapo kituo kinatakiwa kipate uthibitisho kwamba dawa haipo bohari, kisha kinunue kwa mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa kwa ajili ya vituo vya mkoa. Vituo vingi vinakwama hatua hii. Vinapokea jibu la "hakuna" na kukaa kimya. Na huenda dawa zilifika, lakini hakuna mjumbe wa kamati aliyeshuhudia maboksi yakifunguliwa na kuhesabiwa dhidi ya hati iliyokuja na mzigo.

Kwa hiyo usiulize "kwa nini hakuna dawa". Uliza ombi la mwisho lilitumwa tarehe ngapi. Uliza salio la akaunti, madai ya bima yaliyokataliwa na sababu zake, kama mshitiri ameombwa, na nani alisaini mapokezi ya mzigo uliopita. Mtu anayeulizwa hivyo hawezi kujibu kwa kichwa, atafungua faili.

Mahali pa kuuliza ni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi 3, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Usipoitishwa, au taarifa ya zahanati isiposomwa, mwandikie mtendaji wa kijiji barua na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, nakala hiyo iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Malalamiko ya kijiweni hayana jalada.

Kuhusu kamati yenyewe, acheni kumchagua yuleyule anayeongoza kila kitu kijijini. Chagueni mtu mwenye muda, anayeweza kusoma taarifa ya benki, na hakikisheni akina mama wamo, kwa sababu wao ndio wanaokaa kwenye benchi la kliniki na wanajua kinachokosekana. Mjumbe akiletewa muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, asisaini. Saini hiyo ndiyo inayoyahalalisha matumizi ambayo hakuna aliyeyajadili.

Zipo na kauli nyingine tunazozisikia vijijini. "Sheria ya bima imeshapita, hatuna tena la kusema." Muswada wa bima ya afya kwa wote uliingia bungeni Septemba 2022, ukasimama, hoja kubwa ikiwa zitatoka wapi fedha za kuwagharamia wasio na uwezo. Ulipitishwa Novemba 2023. Lakini suala la nani kijijini hana uwezo haliwezi kumalizwa Dodoma, linahitaji watu wanaojuana. Kaya maskini ikisahaulika kwenye orodha, majirani ndio wenye ushahidi.

"Tupandishe boma hadi lenta, Serikali itamalizia." Nguvu ya wananchi ina thamani kubwa, iwe mchanga, mawe, maji au kuchimba msingi. Ila usichimbe msingi kabla ya mambo matatu: muhtasari wa mkutano mkuu unaoonyesha eneo limetolewa na mwenye shamba amekubali kwa maandishi, ramani kutoka kwa mhandisi wa halmashauri, na mradi kuingizwa kwenye mpango wa halmashauri. Boma lililojengwa kwa ramani ya fundi wa mtaani vyumba vyake havitoshi, korido haipitishi machela, na kulirekebisha ni ghali. Tena fikirieni nyumba ya mtumishi mapema, maana zahanati isiyo na pa kulala mhudumu haina huduma ya usiku, na uchungu hauchagui saa. Michango ya fedha ikatiwe stakabadhi, hata ile inayokatwa kwenye malipo ya korosho kwa makubaliano ya wanachama.

"Sikuugua mwaka mzima, hela ya CHF imepotea." Haikupotea, ilimtibu jirani. CHF ilipoboreshwa mwaka 2018 kiwango kiliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Sheria mpya inabadilisha vitita, yaani mafungu ya huduma na michango yake, basi ulizia kinachotumika sasa, na ulipe korosho zinapolipwa. Anayesubiri masika huwa hana hela. Kadi inafuata rufaa: ukiruka zahanati ukaenda hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, bila barua, usishangae kudaiwa taslimu.

"Kila mwenye miaka 60 anatibiwa bure." Msamaha wa wazee ni kwa wasio na uwezo, na lazima watambuliwe. Mzee aanzie kwa mtendaji wa kijiji, apitie kwa afisa ustawi wa jamii, apate kitambulisho kabla hajaugua. Mjukuu mmoja akimsindikiza, kazi hiyo inakwisha mapema. Barua inayotafutwa usiku, mgonjwa akiwa tayari kwenye bodaboda, huwa haipatikani.