Visiwa 400 ndani ya panya mmoja

Baba mdogo ana mitumbwi miwili ya dagaa Kibirizi, na kila nikirudi Kigoma huniuliza maabara huwa tunawafanya nini hao panya. Safari hii nilimweleza kwa mfano wa taa.

Seli zote za panya zina jeni zilezile. Ya insulini imo hata kwenye ini, ila huko imezimwa. Huwaka kwenye vishada vidogo vya kongosho viitwavyo visiwa vya Langerhans. Mwaka 1985 mtafiti Douglas Hanahan alichukua swichi ya jeni hiyo, akaiunga na jeni ya kirusi cha kima, SV40, inayokata breki mbili zinazozuia seli kugawanyika ovyo, Rb na p53. Jeni iko mwili mzima wa panya, lakini huwaka penye insulini. Hapo ndipo huota uvimbe wa nyuroendokrini, yaani wa seli zinazotoa homoni.

"Basi visiwa vyote vinakuwa saratani."

Hapana, baba. Panya ana visiwa kama 400, na swichi imewashwa kwenye vyote. Karibu nusu huvimba, baadhi huvuta mishipa mipya ya damu, na kufikia wiki ya 14 ni asilimia chache tu zilizogeuka uvimbe kamili. Usiku wa giza mitumbwi yote huwasha taa, wangapi hurudi na dagaa? Akacheka.

Jeni iliyowaka hutoa nakala za RNA, nasi huzihesabu. Nilipoanza nililinganisha uvimbe na kongosho zima, nikapata orodha ndefu ya jeni "zilizozimwa" nikajiona mgunduzi. Kumbe visiwa ni asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho. Orodha yangu ilikuwa jeni za vimeng'enya vya kusaga chakula, vinavyotoka sehemu nyingine ya kongosho. Uvimbe hulinganishwa na visiwa vilivyochambuliwa kimoja kimoja kwa mkono. Mgongo unauma!

Binadamu hapati uvimbe huu kwa SV40. Baadhi hupoteza jeni ya MEN1, iliyotambuliwa 1997, na panya walioharibiwa jeni hiyo huchukua karibu mwaka kuugua. Mimi nawaamini hao zaidi, ingawa dawa ya sunitinib ilijaribiwa kwanza kwa panya wa Hanahan kabla ya Marekani kuiidhinisha kwa uvimbe wa kongosho mwaka 2011.

"Na panya anakufa na nini?"

Sukari. Uvimbe humwaga insulini bila kipimo, sukari inashuka. Mtu naye hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo.

"Sisi tungesema malaria," akasema, akaendelea kushona wavu.