Kabla hujajaza fomu ya kusomea uhusiano wa umma

Tangazo langu la kwanza kubandikwa hadharani lilikuwa na nembo juu, aya mbili zilizonyooka, na mwanzo wa heshima: "Uongozi unapenda kuwataarifu wateja wake wote wapendwa." Nilikuwa mwaka wa pili, niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja mjini Moshi. Tangazo lilisema kliniki ya presha na sukari, iliyokuwa ikifanyika kila Jumatatu, inahamia Alhamisi kuanzia wiki inayofuata. Msimamizi wangu alilisoma mara moja, akagonga mhuri, akasema nina mkono mzuri. Tulilibandika getini Ijumaa saa tisa alasiri.

Jumatatu saa moja asubuhi watu zaidi ya thelathini walikuwa wamesimama pale getini. Wengine walitoka Mkuu na Tarakea kule Rombo, wameamka usiku kuwahi Noah ya kwanza, na hawajatia kitu mdomoni kwa sababu walijua watapimwa sukari. Mlinzi aliwaonyesha karatasi. Mama mmoja alisogea, akaisoma taratibu akifuatisha mistari kwa kidole, kisha akanigeukia kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kitambulisho shingoni.

"Mwanangu, dawa zangu zinaisha leo. Hadi Alhamisi ninywe nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefaulu vizuri somo la kuandika taarifa kwa umma, na katika sisi wote tuliolipitia lile tangazo, mimi na msimamizi aliyelipigia mhuri, hakuna aliyewahi kujiuliza swali hilo.

Miaka mingi sasa nafanya kazi ya uhusiano wa umma hapa Arusha, na kila msimu wa udahili simu yangu haitulii. Wazazi wanauliza kama hiyo ndiyo kozi ya kukaa mapokezi. Vijana wanauliza kama watasimama mbele ya kamera. Wote nawasimulia habari ya yule mama, kwa sababu nimeshindwa kupata njia fupi zaidi ya kueleza shahada hii inakufundisha nini. Inakufundisha kulisikia swali lake kabla hujabandika karatasi, na kulifikisha kwa mwenye uwezo wa kulijibu. Kuandika na kuongea huja baada ya hapo.

Kwanza nimalize habari za fomu. Ni shahada ya miaka mitatu. Jina hutegemea chuo: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza wanafundisha Uhusiano wa Umma na Masoko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, wana Uhusiano wa Umma na Matangazo. Soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka wako, maana sifa za kujiunga hupangwa kwa kila programu. Kisha liangalie vizuri hilo neno la pili kwenye jina la kozi. Masoko na matangazo ni elimu nzuri, lakini macho yake yako kwa mnunuzi. Sisi tunamwangalia kila mtu anayeguswa na uamuzi wa taasisi, hata asiyenunua chochote maishani mwake: jirani anayevuta moshi wa kiwanda, mfanyakazi wa zamu ya usiku, diwani, mgonjwa wa Rombo. Mwanafunzi asiyeishika tofauti hii mapema humaliza chuo akiwa muuzaji mwenye cheti cha kazi nyingine.

Mwaka wa kwanza utakutana na historia, na wengi huipita mbio. Watakutajia Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari Marekani, ambaye mwaka 1906 aliwaahidi wahariri kwamba ofisi yake itafanya kazi peupe na kuwapa taarifa sahihi. Watakutajia Edward Bernays, aliyefundisha somo hili Chuo Kikuu cha New York mwaka 1923. Mimi nawashauri wanafunzi wasiishie huko, kwa sababu huku kwetu Kilimanjaro tuna mfano unaofundisha zaidi. KNCU iliundwa mwaka 1933, chama cha wakulima wa kahawa wenyewe, kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 1937 baadhi ya wakulima haohao walifanya ghasia dhidi yake. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, na sheria iliwabana wauze kupitia chama tu. Fikiria hilo: chama ni chako, na bado hukiamini. Hakuna hotuba wala kipaza sauti kingetibu hali ile, maana malalamiko yalihusu bei na uhuru wa kuuza. Mwanafunzi akiweza kunieleza kurasa mbili kwamba ofisa uhusiano angewaambia nini viongozi wa chama mwaka 1936, namwona tayari ameiva nusu.

Nadharia utakayoulizwa kwenye karibu kila mtihani ni ya James Grunig na Todd Hunt ya mwaka 1984, ile ya namna nne za kufanya kazi hii. Wanafunzi huikariri kama shairi. Mimi naieleza kwa mfano wa stendi ya mabasi ya Moshi. Namna ya kwanza ni mpiga debe: "Arusha, Arusha, gari linaondoka!" na ndani kuna abiria wanne. Anachotaka ni wewe upande gari, ukweli utaujua ukishakaa. Ya pili ni ubao wa ratiba. Anayeuandika anasema kweli, lakini hajali kama umeelewa na hana mahali pa kupokea swali lako. Ya tatu ni kampuni inayowahoji abiria wanapenda nini, ili ijue maneno gani yatawavuta, huku basi likibaki lilelile na viti vilevile. Ya nne ni kampuni inayouliza, inaambiwa kwamba gari la saa kumi na moja linawaacha wanafunzi wa Himo, halafu inabadilisha saa.

Namna ya nne ni ngumu. Inadai mwenye mamlaka akubali kwamba naye anaweza kubadilika, na wewe, mwajiriwa wake, ndiye unayetakiwa kumletea habari hiyo mezani. Ndiyo maana naona masomo yanayoibeba shahada hii ni yale ambayo wanafunzi huyakimbia: mbinu za utafiti, takwimu, saikolojia ya jamii. Kuunda dodoso lisilomwekea mtu jibu mdomoni ni ufundi. Kuendesha kikundi cha majadiliano sokoni Kilombero hapa Arusha, mama wa ndizi akaongea kuliko wewe, ni ufundi mkubwa zaidi. Unaporudi kwa bosi na kumwambia "watu hawautaki mpango huu," atakuuliza watu gani, wangapi, umejuaje. Bila utafiti utajibu "nimesikia," na hapo mazungumzo yamekwisha.

Somo la mawasiliano wakati wa majanga hupendwa sana, na mfano wake mkuu ni Tylenol. Mwaka 1982, eneo la Chicago, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vilivyotiwa sayanaidi na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, ikarudi baadaye na vifungashio vyenye lakiri. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi juu ya kisa hiki, na karibu zote zinasifia jinsi kampuni ilivyoongea. Warudie kukisoma. Chupa ziliondolewa madukani. Kama zingebaki, msemaji mwenye ulimi wa asali kuliko wote Marekani asingesaidia kitu.

Sheria usiipuuze. Tunayo Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016, na ya mwaka huohuo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayozipa taasisi muda wa kumjibu mwananchi anayeomba taarifa. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hii ya mwisho inagusa jambo dogo linalofanyika kila siku: kumpiga picha mgonjwa au mtoto wa shule na kuirusha mtandaoni kwa sababu imependeza. Na kuhusu bahasha, ile "nauli" wanayopewa waandishi baada ya mkutano, utaikuta ukiingia kazini na utaambiwa ndivyo mambo yanavyokwenda. Mimi sitoi. Gharama yake naijua, kuna habari zangu hazikutoka. Lakini zilizotoka zilitoka kwa sababu mhariri aliona ni habari, na akiniuliza jambo kesho hana haja ya kujiuliza kama namdanganya.

Sasa lugha, na hapa naumia kweli. Mihadhara ni ya Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, tasnifu ni ya Kiingereza. Kijana anahitimu, anaajiriwa halmashauri, na umma wote alioajiriwa kuuhudumia unasoma Kiswahili. Anachofanya ni kutafsiri kichwani. Chukua sentensi inayofunga karibu kila tangazo nchini: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Itazame. Usumbufu wowote, upi? Aliyeandika hajui, kwa sababu hakuuliza. Utakaojitokeza, wenyewe? Usumbufu haujitokezi kama uyoga, tumeusababisha sisi. Jaribu kuifuta na uweke usumbufu wenyewe kwa jina: "Wanaotoka mbali watalipa nauli mara mbili wiki hii." Mara tu ukiandika hivyo utaona aibu, na aibu hiyo itakusukuma uingie ofisini kwa bosi kuuliza kama hakuna njia nyingine. Wanaofanya mazoezi ofisini kwangu nawapa zoezi hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha walipo kamera na kompyuta.

Ajira? Arusha ina bahati. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, TANAPA iko hapa, kuna kituo cha mikutano cha AICC, hoteli na kampuni za utalii zisizohesabika. Hata hivyo nafasi ni chache kuliko wahitimu, na waajiri wengi wanapotangaza "Ofisa Uhusiano" huwa wanamtafuta mtu wa kupamba ukumbi na kupiga picha za wageni. Ukianzia hapo si vibaya. Ila omba uingie kwenye vikao ambamo maamuzi hufanywa, hata kama ni kwa kuandika muhtasari tu. Anayeitwa baada ya uamuzi kupita kazi yake ni kubandika. Na mwisho wa mwaka usimpelekee bosi hesabu ya magazeti mliyotoka na bei ya matangazo ambayo mngelipia. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji walikutana Barcelona wakaikataa hesabu ya namna hiyo. Mpelekee kilichobadilika kwa watu.

Nirudi getini. Nilipomweleza msimamizi wangu swali la yule mama, alisema nimwambie arudi Alhamisi. Nilisimama koridoni dakika kadhaa nikiwa na hasira na woga kwa pamoja, kisha nikaenda kumtafuta muuguzi wa kliniki. Alikuja mwenyewe getini na kipimo cha presha mkononi. Akamwita mfamasia. Wote waliokuwa pale walipimwa na kupewa vidonge vya kuwafikisha Alhamisi, majina yakaandikwa kwenye daftari. Mchana niliandika tangazo upya, na safari hii lilikuwa na mistari mitatu: "Kliniki ya presha na sukari sasa ni ALHAMISI, saa 2 asubuhi. Dawa zikiisha kabla ya siku hiyo, njoo na kadi yako dirisha la dawa siku yoyote. Huna haja ya kusubiri kliniki."

Nilimkuta mama chini ya mti, anakula andazi, nikamsomea ili anisahihishe. Akasema limekaa vizuri. Nikamuuliza kwa kawaida matangazo anayapata wapi.

"Kanisani, mwanangu, baada ya misa. Hapa getini kwenu nafika nikiwa nimeshalipa nauli."

Jumamosi nilipanda Noah ya Tarakea nikiwa na nakala sita kwenye bahasha, moja kwa kila parokia aliyonitajia.