Nyuzi za aktini za kimelea cha malaria: ni nini, na zinafanya kazi gani?

Hapa Bukavu, mtu akipanda kutoka bonde la Ruzizi akiwa na homa, majirani husema ni palu, yaani malaria, hata kabla ya kipimo. Kwenye kituo cha afya anatobolewa kidole, damu inatandazwa kwenye kioo, inakaushwa na kutiwa rangi. Kwenye hadubini vinaonekana vipete vidogo vimetulia ndani ya chembe nyekundu. Lakini utulivu huo umeletwa na kioo. Saa chache kabla ya hapo, kila kimelea kati ya hivyo kilijipenyeza mle kwa nguvu zake chenyewe, bila miguu wala mkia. Nguvu hizo zinapitia kwenye nyuzi za aktini.

Aktini ni protini. Mwanasayansi Straub aliitenga kutoka kwenye misuli mwaka 1942 mjini Szeged, Hungaria, na leo tunajua kwamba karibu kila seli yenye kiini inayo, iwe ya mtu, ya mmea wa mahindi shambani au ya kimelea. Punje moja ya aktini hubeba molekuli ya ATP, ile inayohifadhi nishati ndani ya seli. Punje zikishikamana hufanya uzi wa safu mbili zilizosokotana, wenye unene wa nanomita 7 hivi. Ncha zake mbili hazifanani: moja hukua haraka, nyingine polepole, na kwa hiyo uzi una mwelekeo.

Tofauti ya kimelea inaanzia kwenye urefu. Kwenye misuli yetu uzi mmoja hufika karibu mikroni 1, yaani nanomita 1000, na hudumu. Wa Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria nyingi huku Kongo, una urefu wa nanomita 100 hivi, yaani punje zisizofika hata arobaini, na hukatika upesi. Kwa muda mrefu haikuwezekana kuuona vizuri. Mwaka 2017 watafiti walipata picha yake ya karibu sana kwa hadubini ya elektroni, baada ya kuuzuia usivunjike kwa jasplakinolaidi, sumu itokayo kwa sponji wa baharini. Aktini hiyo inafanana na yetu kwa takribani asilimia 80, ila pale punje zinapogusana kuna mabadiliko machache yanayolegeza mshikano.

Mtu anaweza kudhani kulegea huko ni kasoro. Mimi naona ndiko kiini cha jambo lote. Ukikinyima kimelea uwezo wa kujenga nyuzi, kwa sumu iitwayo saitokalasini, kinajishikiza kwenye chembe nyekundu na kukwama nje. Ukikipa jasplakinolaidi ili nyuzi zisivunjike, uvamizi unazuilika vilevile. Kinahitaji kujenga na kubomoa, tena kwa wakati wake.

Mtambo wenyewe uko chini ya ngozi ya kimelea, katika nafasi nyembamba kati ya utando wa nje na mifuko bapa iliyo ndani yake. Protini iitwayo fomini huanzisha nyuzi upande wa mbele. Nyuzi hizo zimeunganishwa na protini za kunata zinazotokeza nje na kushika chembe au ngozi ya mtu. Miosini A, protini ya kuvuta iliyofungwa kwenye mifuko ya ndani, huzivuta nyuzi kuelekea nyuma. Mfikirie mvuvi wa Ziwa Kivu anayesukuma mtumbwi kwa upondo karibu na ukingo: upondo umeshika chini, yeye anausukuma nyuma, mtumbwi unakwenda mbele. Sporozoiti, kimelea kinachotoka kwenye mate ya mbu, hukimbia hivyo ndani ya ngozi kwa mikroni 1 hadi 2 kila sekunde, kikitafuta mshipa wa damu utakaokipeleka kwenye ini.

Baada ya ini ni zamu ya merozoiti, kimelea kinachovamia chembe nyekundu, na hapo ndipo mgonjwa anapoanza kuumwa. Merozoiti ina urefu wa mikroni 1 hadi 2 tu; chembe nyekundu ina upana wa 7 au 8. Ikiigusa, chembe hutikisika na kubonyea. Merozoiti hugeuka hadi ncha yake ya mbele ielekee chembe, kisha pete ya mshikano hujengeka kati yao, na kimelea kinasukumwa kupita katikati ya pete hiyo huku kikijifunika kwa utando wa chembe yenyewe. Kwa kawaida kazi yote haifiki dakika moja. Muda mfupi baadaye chembe hujikunja na kutoa miiba, halafu inarudi kwenye umbo lake, mwenye nyumba mpya akiwa ameshaingia.

Kimelea kina aktini za aina mbili. Watafiti walipoondoa jeni ya aktini ya kwanza, merozoiti zilishindwa kuingia kabisa. Kulikuwa na jambo la pili lililonishangaza zaidi: apikoplasti, kiungo kidogo ambacho kila kimelea kipya lazima kirithi, haikugawanywa sawasawa kwa watoto. Kwa hiyo nyuzi hizi zinafanya kazi pia ndani ya chembe, wakati kimelea kinaonekana kimekaa tu. Aktini ya pili hutumika katika hatua za uzazi na ndani ya mbu. Kwenye malaria ya panya, ikikosekana, mbegu za kiume hazichomoki. Mbegu hizo zinazochapachapa kama mijeledi ndizo daktari Laveran aliziona mjini Constantine, Aljeria, mwaka 1880, alipogundua kimelea cha malaria.

Coartem na dawa nyingine tunazoandikiwa hazilengi aktini. Kuilenga moja kwa moja ni hatari, kwa sababu mioyo yetu pia inaendeshwa na aktini inayofanana nayo mno. Ndiyo maana wengine wanaifuata miosini A, ambayo imetofautiana zaidi na yetu. Kemikali iitwayo KNX-002, iliyoelezwa mwaka 2023, huishika na kuipunguza kasi, na katika maabara vimelea vilivyopewa hushindwa kustawi. Bado si dawa ya kumpa mgonjwa.