Je, wajua kwa nini bakteria wa dondakoo hutoa sumu akikosa madini ya chuma?

Mwaka 1888, huko Paris, watafiti Émile Roux na Alexandre Yersin walichuja mchuzi waliokuzia bakteria wa dondakoo mpaka usibaki na bakteria hata mmoja. Kisha wakawadunga wanyama mchuzi ule uliochujwa. Wanyama wakafa vilevile. Ikawa wazi kwamba bakteria hukaa zake kooni, na kinachosambaa mwilini hadi kuudhuru moyo ni sumu yake.

Lakini sumu hiyo haitoki wakati wote. Mwaka 1936 watafiti Pappenheimer na Johnson walionyesha jambo la ajabu: ukiongeza chuma kidogo tu kwenye mchuzi, bakteria hustawi vizuri kabisa, ila sumu hupotea. Punguza chuma, sumu inarudi. Yaani akishiba ananyamaza, akibanwa na njaa ya chuma ndipo anapoanza kuua.

Sababu iko mwilini mwetu. Chuma tunacho kingi, ila tumekificha. Kwenye damu kimeshikwa na protini iitwayo transferini. Kwenye mate, machozi na ute kuna nduguye, laktoferini. Kilichobaki kwa sehemu kubwa kimefungiwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Chuma kilicho huru ni kidogo mno. Kwa hiyo bakteria asiye na macho wala ubongo, akikikosa, amepata dalili kwamba yumo ndani ya mtu.

Na dalili hiyo anaisoma kwa njia rahisi sana. Anayo protini inayoitwa DtxR. Ikishika chuma, hukaza mkao na kung'ang'ania DNA pale pale jeni ya sumu inapoanzia, kama mtu aliyekaa mlangoni. Jeni haisomeki. Chuma kikiadimika, protini inalegea, inaachia, na mlango uko wazi. Hakuna uamuzi wowote hapo, ni kushika na kuachia tu. Sumu inayotoka huingia kwenye seli na kusimamisha kazi ya kutengeneza protini, na molekuli moja tu ikishaingia inatosha kuiua seli nzima.

Kuna kichekesho hapa ambacho mimi binafsi sichoki kukisimulia. Jeni ya sumu si ya bakteria mwenyewe. Ililetwa na virusi wanaoshambulia bakteria, jambo alilolibaini Victor Freeman mwaka 1951. Bakteria wa dondakoo wasio na jeni hiyo wapo, na hawatengenezi sumu. Ila DtxR ni mali ya bakteria, na hudhibiti pia jeni zake za kutafuta chuma. Sumu ya mgeni, kufuli la mwenye nyumba.

Mbona asitoe sumu muda wote, basi? Kwa sababu protini ni gharama. Kila molekuli inakula nguvu na malighafi ambazo zingetumika kuzaliana, na pasipo na mtu wa kumdhuru hiyo ni hasara tupu. Ndiyo maana bakteria wengi wana swichi ya sumu, kila mmoja na dalili yake. Wa kifaduro huangalia joto, pamoja na mambo mengine: kwenye nyuzi 37 sumu zinatengenezwa, ukimkuza kwenye nyuzi 25 anazima.

Stafilokokasi, yule wa majipu, anahesabu wenzake. Kila bakteria hudondosha nje kipande kidogo cha protini. Wakiwa wachache kinapotea, wakirundikana kinajaa, na kikijaa sumu nyingi huanza kumwagwa kwa pamoja. Wachache wakijitokeza mapema wangekamatwa na kinga ya mwili kabla hawajafanya lolote.

Wa kipindupindu naye anahesabu, lakini kinyume. Akiwa utumbo mdogo, wenzake wakiwa bado wachache, anajishikiza ukutani na kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi. Wakishakuwa wengi, swichi ileile ya kuhesabiana inazima sumu na kumsaidia ajibandue. Maji yale ya kuharisha ndiyo usafiri wake wa kwenda kumtafuta mtu mwingine.

Swichi inayowapa madaktari shida zaidi ni ya E. koli wa aina ya O157:H7, anayeleta kuhara damu. Jeni za sumu yake zimo ndani ya virusi waliolala kwenye DNA yake. DNA ikijeruhiwa, virusi huamka, hujizidisha, humpasua bakteria na sumu inamwagika. Baadhi ya antibaiotiki hujeruhi DNA namna hiyohiyo. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii mara nyingi hupewa maji na kuangaliwa figo kwa karibu, huku daktari akijizuia kuandika antibaiotiki ambazo ndugu wa mgonjwa wanashangaa kwa nini hazijatolewa.